Pima thelathini na tano: siku saba za kukodi boti Malindi

Jumatatu. Mwezi tano, kwa hesabu ya mwezi mwandamo

Boti ya kwanza niliikataa kabla sijakaa. Ilikuwa nzuri, nyeupe pe, ina viti vya kuvulia samaki wakubwa na friji ya soda, na mwenyewe mkarimu. Lakini nilipomuuliza atafanya nini wazamiaji wangu wakiwa chini, akanijibu, "Tutavuta mishipi kidogo, tusikae bure." Nikamshukuru, nikashuka zangu. Mtu anayekaa chini ya maji saa moja na robo, na asiyeweza kupanda hata akitaka, friji ya soda haimsaidii. Anachotaka ni kutoa kichwa majini na kuiona boti iko pale.

Kazi hii nimepewa na Mwalimu, mzamiaji wa Mombasa aliyenifundisha kuvaa mtungi. Ana wageni watatu: Mwitaliano aliyekaa Malindi mpaka anabishana bei ya kuku kwa Kiswahili, na mtu na mkewe kutoka Afrika Kusini. Wote wameshazamia meli zilizozama zenye majina makubwa duniani. Safari hii wanataka kitu ambacho wavuvi wa Mambrui wanakiita "Chuma" tu, mahali nyavu zinaponasa na chewa wanatoka wakubwa kama mbuzi. Kina chake kwa kipimo cha wavuvi ni pima thelathini na tano, yaani mita 64. Mzamiaji wa starehe mwisho wake ni mita 40. Kupita hapo unaingia kwenye uzamiaji mwingine, wenye mitungi mingi na hesabu nyingi.

Boti niliyoichukua ni ya mbao, futi 38, rangi imebabuka, lakini ina mashine mbili za dizeli na ngazi madhubuti tezi, yaani nyuma. Nahodha wake ni mzee wa Mambrui. Tulikaa chini ya mkungu karibu na gati, chai ya tangawizi mbele yetu, tukaandikiana. Boti haitatia nanga juu ya Chuma. Itabaki mashine zinaunguruma, ikifuata maboya. Hakuna mishipi, hakuna abiria wengine. Oksijeni ya dharura na redio viwepo na vijaribiwe kila alfajiri. Mabaharia wawili, na mmoja wao kazi yake ni macho tu.

Nahodha alisikiliza, kisha akataka sharti lake liandikwe juu ya yote: yeye akisema hapana, ni hapana, na fedha ya siku hiyo inalipwa. Mwitaliano aliruka kama kamwagiwa chai. Walivutana nusu saa. Wakakubaliana kwamba siku ya kurudi bila kuzama, wageni watalipa dizeli na posho ya mabaharia, siyo kodi ya boti. Arubuni ikatolewa, mikono ikashikwa.

Wageni walipoondoka nilimuuliza kwa nini lile sharti.

"Shemeji yangu alikuwa akizamia majongoo ya bahari," akasema. "Mitungi minne, mitano kwa siku, na kila mara anapanda juu kama kizibo. Leo anakaa barazani, miguu haimtii. Hesabu za kompyuta zenu sizijui, mwanangu. Lakini mimi ndiye niliyembeba mgongoni kutoka ufukweni."

Jumanne. Mwezi sita

Siku ya gesi. Tuliagiza mitungi sita mikubwa ya heliamu kutoka Nairobi. Lori likashusha minne. Muuzaji kwenye simu anasema sita, karatasi ya dereva inasema minne, na macho yangu yanaona minne. Mwalimu akapiga hesabu upya kwenye ubao wa kompresa, akafuta mzamo wa tatu. Kwa hiyo kabla hatujalowa, lori lilishatuamulia kwamba wiki nzima ina mizamo mirefu miwili, basi.

Nahodha alikuja kutazama tunavyochanganya. "Kwani hewa ya Mungu ina kasoro gani?"

Mwalimu anapenda maswali ya namna hii. Akamweleza kwamba kwenye kina cha mita 64 mgandamizo ni mara 7.4 ya huku juu. Naitrojeni ya hewa ya kawaida inakulevya huko. Unaweza kuusahau uzi wako wa kurudia huku unatabasamu. Oksijeni nayo, inayotuweka hai, ikizidi inakuwa sumu na kumtia mtu degedege, na degedege chini ya maji ni kufa. Kwa hiyo unapunguza zote mbili, nafasi yake unaweka heliamu isiyolevya. Mchanganyiko wetu ni oksijeni asilimia 18, heliamu 45, iliyobaki naitrojeni. Ukiwa mita 64 kichwa kinakuwa kama uko mita 25 hivi. Hasara yake ni bei, na kwamba ukiipumua juu ukazungumza unatoa sauti ya bata. Baharia kijana alijaribu, akaimba mstari wa kasida, Nahodha akamfukuza.

Jambo la pili ni wingi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa mpaka mgandamizo wa baa 200 una lita 2,400 za gesi. Juu ya maji, ukipumua lita 20 kwa dakika, unakaa nao saa mbili. Kule chini hauzidi dakika 16. Ndiyo maana kila mzamiaji anashuka na mitungi miwili mgongoni na mingine miwili ubavuni: mmoja wa oksijeni asilimia 50 wa kutumia kuanzia mita 21, mmoja wa oksijeni tupu wa mita 6.

Na jambo la tatu ni kupanda. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, alitoa jedwali la kwanza la kupanda kwa vituo, ili gesi iliyoyeyuka mwilini ipate muda wa kutoka polepole. Kabla ya kuwapa wanamaji lile jedwali alilijaribu kwa mbuzi, ndani ya chemba ya mgandamizo.

"Kwa hiyo mbuzi walitangulia," akasema Nahodha.

"Walitangulia, Mzee."

"Na wakikosea hesabu hawa wageni wako?"

Chemba ya mgandamizo, anakotibiwa mzamiaji aliyepanda vibaya, iko Mombasa, kilomita 120 kwa barabara. Mwalimu alimwambia hivyohivyo. Nahodha hakusema neno, akaenda kukagua pampu ya maji ya mashine ya kushoto.

Jioni tulizama mita 25 kujaribu vifaa. Hakuna la kusimulia, ila kinyago cha yule mama wa Afrika Kusini kilivuja, akakibadilisha.

Jumatano. Mwezi saba

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri, mahamri na mbaazi ndani ya kapu, nyota bado zipo. Machi ni mwezi wangu kwa kazi hii. Kaskazi inaishilia, kusi haijaingia, na mto Sabaki haujaanza kumwaga matope mekundu ya masika. Mvua kubwa zikishanyesha huko bara, maji ya upande huu wa Malindi yanakuwa kama chai ya maziwa.

Mwitaliano alikuja na namba za mahali alizozinunua kwa mvuvi mmoja. Tulifika kwenye namba, mashine ya kupima kina ikaonyesha mchanga mtupu. Tukazunguka saa nzima. Mchanga. Nahodha alikuwa anakunywa chai. Mwalimu akamwendea kwa adabu: "Mzee, tusaidie." Nahodha akageuza boti, akatazama majukwaa ya San Marco ya kule Ngomeni, yale ambayo Waitaliano walirushia setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, akayalinganisha na kitu fulani cha nchi kavu ambacho sitakitaja. Akateremsha chubwi, akaivuta, akasogea, akateremsha tena. Mara ya tatu kioo cha mashine kikaonyesha kibonge kimesimama juu ya mchanga, na wingu la samaki juu yake.

Tukatupa kamba yenye uzito na boya. Boya likalala, likaburutwa mpaka likazama nusu. Mkondo wa huku unakwenda kaskazini, na siku hiyo ulikuwa unakimbia. Wageni walikwishavaa nusu.

"Hapana," akasema Nahodha.

Mwitaliano akaanza: mkondo utapungua, yeye amezama kwenye mikubwa zaidi. Nahodha akamwonyesha boya kwa kidevu tu. Hakubishana. Tukangoja saa moja na nusu, boya likabaki limelala, tukarudi.

Njia ya kurudi ilikuwa ya hadithi. Yule bwana wa Afrika Kusini alisimulia Andrea Doria, meli ya abiria ya Italia iliyogongana na meli ya Stockholm usiku wa tarehe 25 Julai 1956 karibu na Nantucket, Marekani, ikazama asubuhi yake. Iko kwenye mita 73 hivi. Kwa miaka mingi wazamiaji walikodi boti kutoka Montauk kwenda kuokota sahani za kaure zilizoandikwa Italia, na zaidi ya watu kumi wamefia pale. Wengine walionekana na mifuko yao imejaa vyombo. Mwitaliano akanyamaza, ile meli ni ya kwao.

Hadithi niliyoipenda mimi ni nyingine. Mwaka 1991 nahodha wa boti ya kukodi iitwayo Seeker, Bill Nagle, alipewa na mvuvi alama ya mahali nje ya New Jersey. Akawapeleka wazamiaji bila kujua kuna nini. Kwenye mita 70 hivi wakakuta nyambizi ya Kijerumani ya Vita vya Pili ambayo hakuna kumbukumbu ya nchi yoyote iliyosema iko pale. Iliwachukua mpaka 1997 kuthibitisha kwamba ni U-869, na wazamiaji watatu walikufa katikati ya safari hiyo. Nilimtafsiria Nahodha. Hakuuliza habari za nyambizi. Aliuliza yule mvuvi aliyetoa alama alilipwa nini. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Mwalimu naye alitoa yake, na boti ikatulia. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini, Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, imejaa wanajeshi, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Nimezama miaka tisa, nimesikia Doria mara mia. Hii nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza, nami Mombasa napita Kilindini kila mwezi.

Alhamisi. Mwezi nane

Maji mafu, bahari haina nguvu. Boya limesimama wima kama mtoto wa madrasa.

Walishuka saa mbili na nusu asubuhi, Mwalimu mbele. Nilibaki juu na saa ya mkononi na karatasi ya ratiba iliyofunikwa plastiki. Dakika 20 za kwenda na kukaa chini, kisha kupanda. Watu hudhani kazi ya mzamiaji msaidizi ni kuzama. Kazi yangu kubwa ni kuhesabu dakika na kutozungumza. Nahodha aliweka boti upande wa chini wa mkondo, mashine taratibu, baharia kijana omo, yaani mbele, akitazama mapovu.

Dakika ya 23 boya la rangi ya chungwa likachomoza, maana yake wameachia kamba ya chini na wanapanda wakielea pamoja, salama. La njano lingekuwa shida. Dakika ya 28 nilishuka mita 21 kuwakuta, na mtungi wa akiba mkononi. Walikuwa wote wanne, wamejipanga chini ya uzi kama nguo kwenye kamba, wakibadilisha gesi mmoja mmoja, kila mmoja akimwangalia mwenzake mdomoni kuhakikisha ameshika mtungi sahihi. Kukosea mtungi hapo ndiko kunakoua watu hodari. Nilimwonyesha mama kidole gumba na cha shahada vimeungana, yaani uko sawa?; akanijibu vilevile. Nikapanda.

Kilichobaki ni dakika arobaini na ushei za kungoja, na ndizo ngumu kwa nahodha yeyote. Hakuna kinachotokea. Boya linakwenda, wewe unalifuata. Jua linapanda. Meli ya mizigo inapita mbali, unaipigia redio ujue imekuona. Tulikokotwa karibu kilomita moja na nusu kaskazini, na muda wote huo boti haikuwa mbele ya boya wala mbali nalo, hatua thelathini tu, kama mama anayemfundisha mtoto kutembea. Mabaharia wakala viazi karai. Nahodha hakula. Dakika ya 76 vichwa vinne vikatoka.

Hakuna aliyezungumza mpaka mitungi imevuliwa. Kisha Mwalimu akatoa kibao chake cha kuandikia chini ya maji. Amechora sanduku refu. Sitaha bapa, tumbo wazi, nguzo za kufungia kamba pembeni. Hakuna mashine, hakuna rafadha ya kukisukuma, hakuna daraja la nahodha. Chewa watano wakubwa wamekaa ndani kama wenye nyumba.

"Tishari," akasema Mwalimu.

"Tishari," akasema Nahodha. "Baba yangu alikuwa akiliita hivyo."

Mwitaliano akamtazama. Fedha yote ile, heliamu yote ile, kwa chombo cha kushushia shehena bandarini. "Mbona hukutuambia, Mzee?"

"Hamkuniuliza ni chombo gani. Mliniuliza kiko wapi."

Mama wa Afrika Kusini alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote. Anasema kwenye meli zenye majina makubwa unasukumana na watu, na hapa alikuwa wa kwanza kuliona tangu lizame.

Ijumaa. Mwezi tisa

Tumepumzika. Miili inatoa gesi, na mabaharia wanakwenda msikitini. Mchana niliwachukua wageni kwa gari hadi Ngomeni, barabara ya vumbi, mashamba ya chumvi kila upande, kuwaonyesha bahari tupu. Nusu kilomita kutoka ufukweni, kwenye kina cha mita 6 tu, kuna meli ya Kireno ya karne ya 16. Wavuvi ndio waliotoa habari zake, na Caesar Bita wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiye aliyeongoza uchunguzi. Zimetoka humo pembe za ndovu na vipande vya shaba vyenye alama ya Fugger, matajiri wa Augsburg, Ujerumani. Utafiti uliochapishwa 2024 ulisema huenda ni São Jorge, meli ya msafara wa tatu wa Vasco da Gama, mwaka 1524.

Mwitaliano akapiga hesabu kwa sauti: mita 64 kwa tishari, mita 6 kwa Vasco da Gama. Akauliza kama tunaweza kuingia dakika kumi tu. Hatuwezi. Turathi za namna hii zinalindwa na sheria ya mwaka 2006, na hata pasingekuwa na sheria, vijana wa Ngomeni waliokuwa wametuzunguka walikuwa wanatutazama mikono zaidi ya nyuso. Tulikunywa madafu, tukarudi.

Jumamosi. Mwezi kumi

Nilitaka siku hii iwe fupi kuandika, lakini.

Mkondo umeanza kuamka tena, ila boya limesimama kiasi. Nahodha alilitazama muda mrefu, akasema, "Haya. Lakini dakika kumi na tano, siyo ishirini." Mwalimu akafuta, akaandika upya. Wakashuka.

Dakika ya 17 mashine ya kulia ikakohoa na kuzima. Kipande cha wavu kilichokuwa kinaelea kimejisokota kwenye rafadha. Baharia kijana akachukua kisu, anavua shati. Dakika ya 19 boya la njano likachomoza, hatua mia mbili kutoka tulipo, na kwenye uzi wake kibao: GESI 21, yaani wanataka gesi kwenye mita 21.

Sikumbuki kuvaa. Nakumbuka sauti ya Nahodha ikimwambia kijana asiingie majini, kisu arudishe, ashike kamba. Hakuthubutu kuzima mashine iliyobaki ili wavu ukatwe. Aliisogeza boti kwa mashine moja, upande, kama kaa, mpaka boya likawa ubavuni kabisa, akaiweka rafadha mbali nami. "Sasa," akasema, nikaingia na mitungi miwili.

Vali ya bwana wa Afrika Kusini ilikuwa imefunguka na kukataa kufunga. Mtungi wake wa asilimia 50 ulikuwa umemwaga karibu wote. Alikuwa anapumua kwenye mtungi wa mkewe kwa zamu, macho makubwa, mikono imetulia. Nikampa wangu. Akavuta, akafunga macho, akavuta tena. Mkewe akamshika bega, hakuliachia mpaka mita 6. Mwalimu akaongeza dakika tano za oksijeni kwa wote, kwa usalama.

Waliopanda walikuwa wazima wote. Baada ya hapo ndipo wavu ulipokatwa. Mwitaliano, ambaye Jumatatu alivutana nusu saa juu ya sharti, alikwenda kukaa karibu na usukani na hakusema kitu mpaka tulipoona gati.

Je, kama ningekuwa nimeichukua ile boti nyeupe, yenye mashine moja? Nimejilaza saa hizi nikiwaza hilo tu.

Jumapili. Mwezi kumi na moja

Kuosha vifaa kwa maji yasiyo na chumvi, kurudisha mitungi, kulipana. Wageni walilipa siku ya Jumatano yote, kodi na dizeli, bila kuulizwa. Nahodha aliomba jambo moja: namba za Chuma zifutwe kwenye mashine zao. Wale chewa ndio ada ya shule ya watoto wa watu pale Mambrui. Walifuta mbele yake, na mimi hapa siziandiki.

Wanataka kurudi mwakani, tarehe hizihizi, wakae siku kumi. Mwitaliano alishatoa bahasha ya arubuni. Nahodha hakuipokea. Alihesabu kwenye vidole vyake, akatazama juu, akahesabu tena.

"Tarehe hizi mwakani mwezi utakuwa umeruka siku kumi na moja," akaniambia. "Hiyo ni bamvua, maji yanakimbia. Waambie waje wiki moja baadaye."